Projekta ya Mwalimu Wegesa

Jumatatu, 4 Machi

Siku mbaya. Kikao cha walimu. Mkuu wa Shule, Mzee Mwikwabe, aliingia akitabasamu. Mkuu akitabasamu, ujue kuna mtu anakwenda kusifiwa. Si mimi. Sijawahi kuwa mimi.

Alikuwa Mwalimu Wegesa wa Biolojia. Hana hata miaka miwili hapa Itiryo! Ameleta projekta. Marafiki zake wa chuo wamemchangia. Mkuu alituambia tumpigie makofi. Nilipiga kidogo, kwa heshima ya shule.

Sina wivu. Naandika hili mapema ili lisije likaleta utata baadaye.

Kisha Mkuu akatukumbusha vishikwambi tulivyopewa na serikali. Akauliza nani anakitumia cha kwake. Nilinyoosha mkono. Ni kweli nakitumia. Nanyolea ndevu. Kioo chake ni safi kuliko kile cha mke wangu Bhoke.

Lakini la muhimu ni hili. Nafasi ya mwalimu wa taaluma iko wazi. Aliyekuwa nayo alitukimbia Januari. Alisema anakwenda kliniki, akaonekana machimboni na sururu. Dhahabu imeturukisha akili wilaya nzima. Mkuu amesema mgeni kutoka wilayani atakuja kututazama tukifundisha, kisha nafasi itatolewa. Ofisi ya taaluma ina mlango wake, pazia lake na kiti cha kuzunguka. Nimeshapima dirisha. Pazia linahitaji kubadilishwa.

Mimi ndiye mkongwe. Ramani ya Afrika iliyo ukutani kwenye Kidato cha Tatu niliichora kwa mkono wangu, pamoja na visiwa vyote. Nani mwingine wa kupewa?

Jumanne, 5 Machi

Nilikuwa nafundisha volkano. Nimefika kwenye uji wa moto, mara darasa la jirani likalipuka kwa kelele. Kelele za furaha! Shingo zote zikageukia dirishani. Niliwauliza wanatazama nini. Wakasema moyo.

Moyo wa mtu, mkubwa kama ng'ombe, ulikuwa unadunda kwenye ukuta wa Wegesa. Damu inaingia, damu inatoka. Nilisimama dirishani dakika kadhaa kwa ajili ya ukaguzi.

Hata watoro wamerudi. Niliwaona kwa macho yangu, miguu imejaa tope la mashimoni, wamebanana kwenye madawati ya mbele. Kwangu wakija, wanakuja kulala.

Na Ghati alikuwemo.

Hili sikutaka kuliandika. Ghati ndiye mwanafunzi wangu bora wa Jiografia. Mwaka jana aliacha shule akaenda kupika chakula cha wachimbaji. Nilimfuata mwenyewe machimboni. Nilitembea, viatu vikaisha. Nikambembeleza. Alinipa chai, akanisikiliza kwa adabu, akanisindikiza mpaka njia kuu, akarudi kwenye sufuria zake. Leo yuko darasani. Wegesa hakumfuata popote. Aliwasha taa tu.

Nilimwuliza Ghati amerudi kwa nini. Akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Nilisikia kuna moyo."

Moyo! Na mimi nilikuwa na nini siku ile, jiwe?

Alhamisi, 7 Machi

Wegesa ametangaza kwamba kila Alhamisi baada ya vipindi atawafundisha walimu wenzake kutumia mashine. Bure. Unaona ujanja huo? Anataka tukae kwenye madawati, yeye asimame mbele. Nilimjibu kwamba nina mbuzi wa kufunga. Rubeni wa Historia naye hakwenda, lakini Rubeni ni mvivu tu. Mimi nilikuwa na msimamo.

Badala yake nikaenda kunywa chai kibandani. Nikamkuta Mogesi. Huyu ndiye kiongozi wa wachimbaji upande huu. Ana mashimo mengi na bahati ndogo. Alikuwa analalamika kwamba mwamba wenye dhahabu umempotea.

Wazo likanijia lenyewe. Sikulitafuta. Nilimwambia tu kwamba shuleni kuna mashine inayoona ndani ya mwili wa mtu, mpaka mishipa. Kisha nikavuta chai. Mogesi akaniuliza kama inaona na ndani ya ardhi. Nikasema mimi ni mwalimu wa Jiografia, siwezi kusema kila ninachokijua.

Sikutamka neno dhahabu. Mtu yeyote akiuliza, sikulitamka.

Mpango ni rahisi. Wachimbaji wataitaka mashine. Mashine itakwenda machimboni. Huko haitarudi. Ukuta wa Wegesa utabaki ukuta.

Jumamosi, 9 Machi

Bhoke amerudi sokoni akihema. Ameniambia kwamba shuleni kwetu kuna mwalimu wa kike mwenye mashine kutoka Ulaya inayoona dhahabu chini kabisa, kupita kina cha kisima. Ameshangaa kwamba mimi mume wake sijamwambia.

Nikasema ni siri ya kazi.

Nilikula ugali kwa raha. Habari yangu imekwenda sokoni na kurudi ikiwa imenenepa.

Jumatatu, 11 Machi

Wamekuja! Uwanja mzima. Mogesi mbele, nyuma yake wanaume na sururu, nyuma yao wanawake wanaosaga na kuosha mawe. Mkuu wa Shule alijifungia ofisini akachungulia kwa pazia. Mimi nilisimama mahali pazuri pa kuona.

Wegesa alitoka na vumbi la chaki mikononi. Mogesi akamwamkia vizuri. "Mwalimu, hatukuja kwa shari. Tunaomba mashine ituonyeshe mwamba ulipo, halafu tunaondoka."

Nikasubiri kilio. Nikasubiri ugomvi. Yule binti akasema, "Karibuni ndani. Acheni sururu nje, madawati ni ya serikali."

Akawakalisha! Akawaambia wazi kwamba mashine haioni ardhini, ni taa ya kuonyesha picha tu. Lakini kwa kuwa wamefika, atawaonyesha kinachotokea wanapochoma zebaki kutoa dhahabu. Akaonyesha moshi ukiingia puani. Ukashuka kwenye mapafu. Ukapanda kichwani. Ukaingia kwa mtoto aliye tumboni. Mama mmoja akasimama akasema yeye huchomea jikoni, kwenye kikaango, na kikaango hichohicho hukaangia samaki. Akauliza afanye nini. Wegesa akakaa karibu naye akamweleza taratibu, kwa Kikurya, mpaka yule mama akaelewa.

Nilijikuta nami nimekaa kwenye dawati. Nadhani ni uchovu wa kusimama.

Mkuu akatoka mafichoni na kutangaza kwamba hiyo ndiyo elimu kwa jamii. Akasema mgeni wa wilayani lazima asikie habari hii. Mimi ndiye niliyewaleta watu wale! Na siwezi kumwambia mtu.

Jumatano, 13 Machi

Nimebadili mbinu. Kama mgeni anataka taa, atapata taa. Mgeni anakuja Ijumaa. Nimeomba ruhusa ya kwenda hospitali, nikapanda bodaboda mpaka mjini Bomani, kwa Ashrafu. Ashrafu anakodisha mitambo ya harusi. Maspika, majenereta na projekta kubwa kuliko ya Wegesa. Nimehakikisha. Niliishika kwa mikono miwili.

Ashrafu aliniuliza kama najua kuitumia. Nilicheka. Akataka kunielekeza hata hivyo, lakini alikuwa amefunga saumu, midomo imemkauka, nikaona nisimchoshe. Akaniambia fleshi imo ndani yake, nisisahau kuitoa. Nikamwambia sisahau kitu.

Nilirudi nyumbani naimba. Nikaacha kuimba.

Ua wangu haupo. Yaani upo, lakini ni mashimo. Wanaume wa Mogesi wamezama mashimoni mpaka mashavuni, udongo unaruka, kuku wamepanda juu ya bati. Nikapiga kelele kuuliza kuna nini. Mogesi akapanda kutoka shimoni, akanieleza kwa upole. Mwalimu Wegesa aliposema mashine haioni ardhini, wengine waliamini na wengine wakajiuliza kwa nini anaficha. Wakakumbuka kwamba muda wote taa ile ilikuwa imeelekezwa kwenye ukuta mmoja. Wakazunguka nyuma ya ukuta ule ili wajue inatazama nini. Nyuma ya ukuta kuna uzio. Nyuma ya uzio kuna nyumba yangu.

Nikamwambia hakuna dhahabu hapa. Akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, si wewe uliyeniambia husemi kila unachokijua?"

Nikamtafuta Bhoke anisaidie. Alikuwa shimoni na jembe. Amekubaliana nao kwamba chochote kikipatikana nusu ni yake. Akanikemea kwa kukanyaga udongo uliochambuliwa.

Jioni choo kilianza kuinama. Kikainama kwa heshima, kama mtu anayeamkia wakwe. Kisha kikaenda chote.

Hawakupata kitu. Bati moja la zamani na kijiko.

Ijumaa, 15 Machi

Leo ndiyo leo.

Mgeni wa wilayani alikuja, mama mmoja mwenye miwani na sauti ndogo. Alianza kwa Wegesa. Alikaa muda mrefu mno. Kisha akaja kwangu. Nilikuwa tayari. Mada yangu ilikuwa ongezeko la watu. Picha nilikuwa nazo kwenye kishikwambi, na kishikwambi nilikiweka juu ya projekta. Nilifikiri zitapita zenyewe.

Nikabonyeza. Taa ikawaka! Darasa likashangilia, na kwa mara ya kwanza tangu Januari kelele za furaha zilikuwa zangu. Nilitamani Wegesa asikie.

Kisha picha ikaja. Bibi harusi. Amesimama kwa kichwa. Anamlisha keki bwana harusi, naye amesimama kwa kichwa. Muziki ukapasuka kutoka kwenye mashine, sikujua hata kwamba ina sauti. Shangazi wa mtu akaja akicheza, miguu juu, akiwa ameshika kuku wa zawadi.

Nikabonyeza kila kitu. Shangazi akazidi kuwa mkubwa.

Mtu mwingine angezimia. Mimi nikachukua fimbo yangu, nikaelekeza ukutani, nikasema kwa sauti thabiti: "Ongezeko la watu, watoto wangu, huanza hapa."

Wanafunzi walianguka kwenye madawati. Mgeni alivua miwani akajifuta macho. Niliamini kwamba ameguswa.

Hapo umeme ukakatika. Shule nzima giza la mawingu. Nilisimama nikiwa sina bibi harusi wala somo. Ghati ndiye aliyenyoosha mkono. Akaniomba niwaeleze kwa ramani yangu, kama zamani. Nikaeleza. Watu walikotoka, walikokwenda, kwa nini wanafuata mvua, malisho na madini. Niliwaonyesha njia kwa kidole, mpaka hapa kwetu, mpaka mashimo ya Mogesi. Nilisahau mgeni yupo. Nilipogeuka, hakuna aliyekuwa amelala.

Mgeni akaniambia kwamba ramani ile ni nzuri sana, akauliza nani aliichora. Nikamwambia. Akaandika kitu.

Nafasi ni yangu. Nimeagiza pazia.

Jumatatu, 18 Machi

Nafasi ni ya Wegesa.

Makofi tena. Mkuu akasema mgeni amenisifu pia, kwa ubunifu katika mazingira magumu. Walimu wote wakatazama chini. Rubeni alikuwa anakohoa, lakini sidhani kama anaumwa.

Nilipofika nyumbani, Wegesa alikuwa uani kwangu. Amekuja na Mogesi na vijana wake. Amewasema mpaka wameona aibu. Wakafukia mashimo yote, wakanichimbia choo kipya. Hawa watu kuchimba wanajua. Sasa nina choo kirefu kuliko vyote katika kata hii. Ukidondosha jiwe unaweza kwenda zako kabla hujalisikia.

Kisha Wegesa akaniomba tukae. Hakuzungumzia harusi. Akasema, "Kaka Waitara, mimi kuchora siwezi. Picha zangu zote ni za watu wa mbali. Moyo ule ni wa Ulaya, hata mto nikiuonyesha si wa kwetu. Wewe uchore Mto Mara, uchore vilima vya Itiryo, tupige picha, tuweke ukutani. Tufundishe wote wawili."

Nilimtazama machoni. Hakuwa anacheka.

Nikaelewa mara moja. Anaitaka ramani yangu! Ameshachukua ofisi, ameshamchukua Ghati, sasa anataka na visiwa vyangu. Nikamwambia nitafikiria.

Bhoke alisikia kila kitu kutoka jikoni. Akaniambia mtu akikupa mkono, wewe unahesabu vidole. Siku mbili hizi anasema sana huyu mwanamke, tangu awe mchimbaji.

Alhamisi, 21 Machi

Nimekwenda darasa la Alhamisi. Si kwa hiari. Mkuu amesema anayeharibu mtambo wa watu hadharani lazima afundishwe. Ashrafu amedai tu kwamba rimoti imebaki kwangu. Niliisahau kwenye choo cha zamani, ikaenda nacho.

Nilikaa dawati la nyuma na mikono kifuani. Wegesa alituonyesha waya unaingia wapi, picha inageuzwaje isisimame kwa kichwa. Kumbe ni kitufe kimoja! Kisha akasema hii ni kwa ajili ya mwalimu wa Jiografia, akazima taa.

Oldonyo Lengai. Ukutani. Nilikuwa ndani ya tundu la mlima. Uji mweusi ulikuwa unachemka, ukaruka, ukamwagika, ukapoa ukawa mweupe mbele ya macho yangu. Nimefundisha mlima huu maisha yangu yote ya kazi na sijawahi kuuona. Nimewaambia watoto uji ni mwekundu! Si mwekundu!

Sijui nilikaa hivyo kwa muda gani. Rubeni alinigusa begani akaniambia nifunge mdomo.

Nilimwomba Wegesa arudie. Akarudia. Nikamwomba tena. Halafu akanipa nafasi nibonyeze mwenyewe, na mlima ukalipuka kwa kidole changu.

Nimemwambia nitachora Mto Mara.

Jumanne, 26 Machi

Furaha! Wegesa ameitwa Issenye, kwenye shule ya sekondari ya kule Serengeti, akawafundishe walimu mambo ya projekta. Amenikabidhi ufunguo wa kabati. Mimi! Mbele ya kila mtu! Amesema nimejifunza haraka kuliko wote, na niwasaidie wenzangu wakati hayupo.

Ufunguo nimeutundika shingoni. Bhoke ameuliza kama ni dawa.

Leo nimefundisha mlima. Kidato cha Tatu kimepiga kelele mpaka kuku wa Mkuu wamekimbia. Ghati ameuliza maswali ambayo ilibidi nikayasome. Nimefundisha na Kidato cha Pili, ambao si wangu. Na Kidato cha Kwanza, ambao walikuwa na Hesabu.

Mchana Rubeni akaja. Safari hii bila mzaha. Akasema anataka kuwaonyesha wanafunzi picha za Vita vya Majimaji, anaomba ufunguo, nimwelekeze kidogo.

Nilimtazama Rubeni kwa upendo. Nikamweleza kwamba teknolojia si kitu cha kukimbilia. Inataka utulivu. Inataka mtu aliyepitia. Mashine yenyewe imechoka, taa yake ina umri wake, na mikono isiyozoea inaweza kuiumiza. Nikamshauri aanze kwa kuisoma kwanza kwa mwezi mmoja au miwili, halafu tuone.

Alisema lakini Wegesa aliagiza niwasaidie. Nikamwambia huu ndio msaada.

Jumatano, 27 Machi

Nilikuwa katikati ya mlima. Uji umeanza kuruka. Nikasikia kelele.

Kelele za furaha. Si za kwangu.

Shingo zikageuka. Nikapiga meza. Hazikurudi. Nikawaambia watazame Lengai, mlima wa pekee duniani, unalipuka! Mmoja akasema, "Tumeuona jana, Mwalimu." Wakahamia dirishani, na Ghati akiwa wa kwanza. Nikaenda nao, kwa ajili ya ukaguzi.

Ni Rubeni. Ametoa darasa zima uwanjani. Nusu wamevaa majani, ni wapiganaji. Nusu wamebeba fito, ni askari wa Mjerumani. Yeye mwenyewe ni afisa wa Kijerumani, tumbo mbele, anatembea kama bata na kupuliza filimbi. Akipuliza, wanashambulia. Akipuliza tena, wanaanguka wote, na mmoja mmoja anainuka na kueleza kwa nini walipigana. Yule kijana anayelala kwenye vipindi vyangu alieleza mpaka akatokwa machozi. Mkuu wa Shule ametoka ofisini anapiga makofi. Wachimbaji wamesimama nje ya uzio wanashangilia. Bhoke naye yupo kati yao!

Rubeni! Mvivu Rubeni! Hana mashine. Hana umeme. Hana hata ubao. Mkuu amesema hajaona ufundishaji kama ule, na kwamba mgeni wa wilayani lazima aje tena.

Nimekaa hapa na ufunguo wangu shingoni, nimeumiza kichwa tangu mchana. Mtu asiye na kitu utamnyang'anya nini? Uwanja siwezi kuufungia kabatini. Majani yanaota yenyewe.

Lakini nimepata. Kila kitu pale kinakwenda kwa filimbi. Bila filimbi hawajui kushambulia, hawajui kufa. Nimemwona akiiweka kwenye droo ya kushoto, na droo hiyo haina kufuli.

Kesho nitawahi shuleni kabla ya wote.